Shotgani ya mtutu mmoja: ipi ununue huku Tanga, na mtutu uliolegea unaujuaje

Wenye mashamba Muheza, Pangani mpaka Handeni, nguruwe pori wanawamaliza na swali ni lile lile, kibali nishapata sasa nichukue ipi. Kama kibali cha polisi bado huna anzia huko, na ununue kwa muuzaji mwenye leseni tu. Nyingi utakazoonyeshwa ni zilizotumika, na kwa hizi za kukunja (mtutu unainama kwenye bawaba ndo unaweka risasi) kabla hata ya kuuliza jina la kampuni angalia mtutu umekaaje kwenye bodi, ile sehemu ya chuma yenye kifyatulio, maana ikilegea hapo mbao ikipigwa vanishi inang'aa vipi haikusaidii kitu.

Hakikisha haina risasi, macho yako yaone chemba, pale risasi inapokaa, iko tupu. Halafu ichomoe ile mbao ya mbele, hapa ndo wengi wanapigwa, kwa sababu mbao ile inausukuma mtutu nyuma na kuficha ulegevu wote. Funga mtutu bila mbao, kitako kibane kwapani, tikisa juu chini na pembeni. Ikigonga "tak tak" pini ya bawaba imelika au ulimi wa loki unaoubana mtutu ukifungwa umeisha. Inua kwenye mwanga wa dirisha pia, uone kama kuna mstari kati ya tako la mtutu (mwisho wake wa nyuma) na uso wa bodi, kwa bunduki za bei nafuu mstari mwembamba si ajabu ila ukiwa mpana na mtutu unacheza, rudisha. Grisi nzito futa kwanza, na chungulia ndoano ya mtutu, ile inayoshika pini ya bawaba, isiwe imebandikwa kipande cha bati, hiyo inakaza siku chache tu. Mwombe muuzaji maganda yaliyopigwa na bunduki hiyohiyo, fataki ya katikati (kile kiduara kinachogongwa na pini) ikiwa imetokeza nje ya kitako cha ganda ujue kuna nafasi kati ya ganda na uso wa bodi.

Haya, kwa mpangilio wangu.

Ya kwanza Baikal IZh-18 ya Mrusi, kutoka Izhevsk. Nzito, sura ya jembe, lakini ndani ya mtutu na chemba imepigwa kromu na kwa hewa ya chumvi ya huku kwetu pwani hiyo ni hoja kubwa kuliko zote. Namba ya mtutu na ya bodi zifanane, kwanza kwa sababu mtutu wake ulikazwa kwa bodi ile, pili namba zikitofautiana utajieleza polisi mpaka jioni.

Ya pili H&R Topper ya Marekani. Nyepesi, rahisi, inafunguka kwa kitufe pembeni ya nyundo. Shida ziliacha kutengenezwa 2015, na mitutu yake ilikuwa inakazwa kiwandani kwenye bodi yenyewe, kwa hiyo mtu akikwambia "mtutu huu nimeutoa kwenye nyingine, unaingia vizuri tu" mwache na mtutu wake. Kutu ndani ya chemba iangalie sana, ganda likinasa utalitoa kwa fito nguruwe keshaondoka.

Ya tatu zile za zamani za Mwingereza na Mbelgiji, za Mbelgiji utaona herufi ELG ndani ya yai lenye taji. Nzuri kushika jamani, ila nyingi zina chemba ya milimita 65. Risasi ya milimita 70 itaingia bila kukataa, kwa sababu ikiwa bado haijapigwa mdomo umekunjwa, ukifyatua mdomo unafunguka unakosa nafasi na presha inapanda. Na kama mtutu una michoro ya mawimbi kwenye chuma chenyewe, ule wa damaski, usipige risasi za kisasa, tundika ukutani (kibali bado unahitaji).

Mwisho kabisa ni yoyote iliyokwisha chomelewa bawaba na fundi wa mtaani. Hata ukipewa kwa nusu bei. Pini kubwa zaidi anaweza kuweka fundi wa silaha anayejua kazi yake, lakini welding ya geti la chuma kwenye ndoano ya mtutu inalainisha chuma, na uso wako uko sentimita chache tu nyuma yake.