Nilimpa klaenti dawa za mwenzake, huyu dada ndio alinifundisha kulisema kwenye intavyu

Hii ni kwa wale mko Massachusetts mnafanya kazi za grupu homu (nyumba wanakoishi klaenti wanaohitaji kuhudumiwa) na za wazee, hasa kama ulifutwa kwa kosa na sasa ukiulizwa kwa nini uliacha kazi ya mwisho koo linakauka. Ni huduma ya dada mmoja hapa Lowell, alikua nesi wa grupu homu miaka mingi na ameshaketi upande ule wa meza wa kuajiri, siku hizi anaandaa watu kwa intavyu. Jina siweki manake anafanyia nyumbani kwake. Ni dola 50 kwa saa moja na nusu.

Kosa langu lilikua la dawa. Nilikua nimepiga dabo, shifti mbili mfululizo, saa mbili usiku, nikatoa dawa za klaenti wawili kwa wakati mmoja nikaziweka kwa kaunta, simu ya nyumba ikalia, kurudi nikachukua kikombe cha mmoja nikampa mwingine. Nilijua palepale akimeza maji, kidonge chake cha usiku ni cheupe kirefu na kile nilichoona kikiingia mdomoni kilikua cha waridi. Nikampigia MAP konsaltanti, yule mtaalamu wa dawa tunayempigia tukikosea, mikono ikitetemeka, nikaambiwa nimpime presha usiku kucha na nisimwache peke yake. Asubuhi aliamka salama, namshukuru Mungu mpaka leo. Baada ya wiki mbili nikaachishwa.

Intavyu mbili nikasema niliacha sababu ya umbali. Ya pili walikua washanipa kazi, wakapiga simu nilikotoka, kesho yake ofa ikaondolewa, na yule mama wa HR akaniambia hilo kosa la dawa wangelielewa kama ningewaambia mwenyewe. Nililia kwa gari nusu saa.

Sasa kwa huyu dada. Aliniambia nieleze kama ilivyokua, nikaongea wee, uchovu, tulikua wachache, simu, supavaiza hashiki simu, nikimaliza akaniangalia tu akasema, "Mdogo wangu, hapo kote sijasikia wewe ulifanya nini." Akanianzisha na sentensi moja: nilimpa klaenti dawa za mwenzake. Nikairudia mpaka sauti ikaacha kukatika. Alafu nilimpigia nani na baada ya dakika ngapi, ripoti nilijaza mwenyewe au niliandikiwa, klaenti akawaje. Uchovu unaweza kuutaja lakini mwishoni, na kwa maneno machache.

Kitu kilichonisaidia kuliko vyote, alileta vikombe viwili vya plastiki na maharage, akaniambia nionyeshe leo napeana dawa vipi. Hapo ndio niliona kusema "siku hizi niko makini" hakumwambii mtu chochote. Nikaonyesha: mtu mmoja, kikombe kimoja, mlango nimefunga, simu ikilia iache ilie, namlinganisha mtu, dawa, kipimo, saa na njia ya kuipeana, akishameza nasaini ndio naenda kwa mwingine. Kwa intavyu nilieleza hivohivo na yule meneja akawa anaandika.

Pia alinikata mara mbili nikitaja jina la klaenti na ugonjwa wake. Sheria ya HIPAA, ile ya siri za wagonjwa, inamlinda huyo mtu hata kama ushatoka hapo kazini, na anayekuhoji akisikia unamwaga siri za klaenti wa kwanza atajua na za wa kwake utazimwaga. Na kwa wale CNA (wasaidizi wa manesi wenye cheti) mnaogopa kila kosa linaingia kwa rejista ya jimbo, alinieleza ile ni ya mambo ya kudhulumu, kutelekeza au kuiba mali ya mgonjwa yakishathibitishwa, kwa hivyo angalia jina lako kwanza kabla hujakosa usingizi. Fomu ikiuliza kama ulishawahi kufutwa, andika ndio.

Lawama ninayo na ni kubwa. Alichelewa dakika 40, hio ningevumilia, lakini tulikaa mezani sebuleni na mteja wake aliyefuata yuko kwa kochi anasikia kila kitu. Mtu anakuja na jambo la aibu kuliko yote maishani mwake, mpe mlango wa kufunga. Nilimwambia, akaomba msamaha.

Kazi nimepata, nyumba ya klaenti wanne. Dawa bado sipeani mpaka nesi aniangalie kwanza, walinieleza siku ileile ya intavyu na nikakubali. Nyota nne kwa tano. Ukienda beba daftari sababu hakupi chochote cha kuandikia, na ukikuta mtu kwa kochi mwambie mhamie jikoni.