Kiti chepesi cha kambini: uzoefu wangu na Helinox Chair Zero kwenye Mlima Kenya

Kila anayepanda mlima akiwa amebeba mzigo wake mwenyewe hulazimika kuchagua vya kubeba na vya kuacha, na mara nyingi kiti ndicho huachwa kwanza, kwa sababu huhesabiwa kuwa anasa. Mimi hukibeba. Ningependa kueleza kwa makini ni kiti gani, kinanifaa wapi na kina upungufu gani, kwa kuwa matangazo ya madukani huzungumzia gramu kwa urefu lakini hayasemi chochote kuhusu kiuno, magoti na udongo, na hayo matatu ndiyo yanayoamua kama kiti chepesi kitampumzisha mtu au kitamwongezea uchovu.

Safari zangu nyingi ni za Mlima Kenya, hasa kwa njia ya Chogoria iliyo upande wa mashariki, ambako watu hupiga kambi kando ya Ziwa Ellis, zaidi ya mita 3,400 juu ya usawa wa bahari. Kwa kuwa tuko kwenye ikweta, giza huingia mapema mwaka mzima, na baridi huanza kuuma mara tu jua linapojificha nyuma ya mlima. Tangu hema lisimamishwe hadi mtu aingie kulala, karibu kazi zote ni za kuketi: kuchemsha maji, kupika, kula, kukausha soksi, kuangalia ramani ya kesho. Nyasi za huko huota kwa mafungu, na kati ya mafungu hayo huwa na maji. Mawe nayo ni baridi, na ndani ya hema langu dogo siwezi kuketi wima. Kwa hiyo mgongo uliobeba mzigo mchana kutwa hauna pa kuegemea, na kwa mtu kama mimi, niliyevuka miaka 50 na mwenye maumivu ya kiuno ya muda mrefu, saa hizo chache za jioni ndizo zinazoamua nitaamka katika hali gani.

Kabla ya kununua niliangalia pia njia nyingine za kuketi. Kipande cha sponji ngumu kinachokunjwa huwa na gramu 60 hivi, hukinga maji na baridi vizuri sana, lakini hakina egemeo. Kuna vifuko vya kitambaa vyenye mikanda ambavyo hugeuza godoro la upepo la kulalia kuwa kiti. Vina uzito wa takriban gramu 300, ila vinakulazimisha kutoa nje godoro ambalo baadaye unataka kulilalia likiwa kavu, na kwenye mawe makali ya mlimani sitaki kulihatarisha kwa namna hiyo. Kigoda cha miguu mitatu ni imara hata pasipo usawa, na nchini mwetu si jambo geni: wachungaji wa Turkana hutembea na ekicholong, kigoda kidogo cha mbao ambacho pia hutumika kama mto wa kichwa. Hata hivyo, ninachohitaji mimi ni cha kuegemea, na hapo ndipo nilipobaki na viti vya vijiti vya alumini na kitambaa kinachoning'inia.

Viti hivi vilienea sana baada ya Helinox kutoa Chair One mwaka 2012. Helinox ilitokana na DAC, kampuni ya Korea Kusini ambayo hutengeneza vijiti vya alumini vinavyotumiwa na watengenezaji wengi wa mahema, na ukikunjua kiti chao utaona kwamba ni ufundi uleule wa hema. Ndani ya kila kijiti hupita kamba ya mpira, hivyo vipande hurukia mahali pake vyenyewe. Kisha pembe nne za kitambaa huvutwa na kuvalishwa ncha za vijiti. Uzito wa mwili huubana mfumo wote na kuukaza zaidi, ndiyo maana vijiti vyembamba kiasi hicho humudu mtu mzima. Chair Zero, ninachotumia mimi, kina karibu nusu kilo, kampuni inasema kinabeba hadi kilo 120, na kikikunjwa huingia kwenye kifuko cha urefu wa sentimita 35 hivi. Mimi hukichomeka pembeni mwa begi, mahali pa chupa ya maji, nikakifunga kwa mkanda.

Kuhusu kuketi kwenyewe, jambo la kwanza la kufahamu ni urefu. Kiti cha mezani nyumbani huwa na takriban sentimita 45 kutoka sakafuni. Hiki kina takriban 28. Tofauti hiyo huonekana ndogo kwenye karatasi, lakini huyaweka magoti juu zaidi ya nyonga, na mtu mwenye miguu mirefu ataona uzito wote umehamia makalioni huku mapaja yakiwa hewani. Kuinuka kunahitaji kuvuta miguu karibu, kuinama mbele na kusukuma kwa mapaja, na baada ya siku nzima ya kuteremka, magoti hulalamika. Upande mwingine, udhaifu huohuo una faida ambayo sikuiona ikitajwa popote: ukiwa chini hivyo, jiko la gesi na sufuria vilivyo ardhini viko mkononi, na huhitaji kuinama kila unapokoroga uji. Egemeo linafika chini kidogo ya mabega, hivyo kichwa hakina pa kulala, lakini kiuno hukumbatiwa sawasawa na mvutano wa kitambaa. Kwangu maumivu hupungua ndani ya muda mfupi, na hilo peke yake limelipa gharama ya nusu kilo mgongoni.

Udongo ndio unaohitaji uangalifu mkubwa kuliko vyote. Viti vingi vya aina hii husimama juu ya ncha nne ndogo, na mtu wa kilo 80 akiketi, uzito wake wote hupita kwenye ncha hizo. Kwenye changarawe au ardhi kavu hakuna tatizo. Kwenye majani yenye maji, au kwenye matope ya njia ya Naro Moru, ambako sehemu nzima ya mteremko ni kinamasi, miguu ya nyuma huzama kwanza, kwa kuwa mtu anayeegemea huweka uzito zaidi nyuma, na kiti huanza kulala chali polepole. Watengenezaji huuza vitambaa vya kutandika chini vinavyofunga miguu yote minne pamoja na kuutawanya uzito. Wapo pia wanaotoboa mipira ya tenisi na kuivalisha ncha. Mimi hutafuta mawe mawili bapa na kuyaweka chini ya miguu ya nyuma, kisha huyarudisha nilipoyatoa. Kwenye mteremko, keti uso ukielekea bondeni. Miguu ya nyuma itakuwa upande wa juu na mwinamo wa kiti utajisawazisha. Ukielekea mlimani, kiti kitakuangusha nyuma kwa urahisi.

Baridi ni suala jingine ambalo mnunuzi wa nchi ya joto anaweza kulisahau. Kitambaa ni chembamba na hewa hupita chini yake bila kizuizi, tena jaketi la manyoya likibanwa na uzito wa mwili hupoteza uwezo wake wa kuhifadhi joto pale lilipobanwa. Kwa hiyo sponji ile ya gramu 60 ninaibeba pia, naitandika juu ya kiti usiku, na mchana naitumia kuketi njiani bila kufungua mzigo. Wepesi wenyewe una hatari yake kukiwa na upepo: kiti kisicho na mtu hupeperuka, kwa hiyo kila ninaposimama hukilaza chini au hukifunga kwenye kamba ya hema. Kitambaa cha sintetiki pia huyeyuka kikiguswa na cheche au jiko lenye moto, na tundu dogo kwenye kitambaa kilichovutwa hivyo linaweza kuwa mpasuko.

Bei ni kubwa, sitaificha. Huko nje kinauzwa zaidi ya dola 100, na ukiongeza usafirishaji na ushuru, kiasi hicho kinaweza kununua viti kadhaa vya kukunja vya kawaida hapa Nairobi. Mimi nilimwagizia ndugu aliyekuwa akirudi nyumbani kutoka ughaibuni. Vipo viti vinavyofanana nacho kwa bei ya chini sana, na vingine ni vizuri, lakini nashauri uvikague kwa mkono kabla ya kulipa. Angalia kiungo cha katikati kinachopokea vijiti, kwani hapo ndipo nguvu zote hukutana. Rafiki yangu alikuwa na kiti cha bei nafuu ambacho kiungo chake cha plastiki kilipasuka tukiwa kambini, na hakukuwa na namna ya kukitengeneza. Angalia pia mishono ya pembe nne, uone kama imeshonwa mara mbili na kama kijiti kinaingia kwenye mfuko ulioimarishwa. Ukikijaribu, vaa viatu vyako vya mlimani, keti robo saa nzima, kisha uinuke bila kushika chochote. Dakika mbili za kwanza kila kiti ni kizuri.

Wapo ambao sitawashauri wanunue hiki. Aliyefanyiwa upasuaji wa goti au nyonga, mtu mzito anayekaribia kikomo cha kilo 120, na yeyote mwenye miguu mirefu atafaidika zaidi na Chair One: kina uzito wa chini kidogo ya kilo moja, kiko juu zaidi kwa sentimita kadhaa, na kampuni inasema kinabeba hadi kilo 145. Kwa anayekwenda Kilimanjaro, ambako mzigo mkubwa hubebwa na wapagazi na kila mpagazi ana kikomo cha kilo 20, ombi langu ni kwamba kiti hicho cha ziada akibebe mwenyewe kwenye begi lake la mchana. Mume wangu, ambaye ni mrefu kuliko mimi kwa kichwa kizima, alijaribu vyote viwili siku moja na akachagua Chair One papo hapo. Hukibeba mwenyewe hadi kambini, na hajawahi kuniomba tubadilishane.