Kibao cha vitufe cha mapokezi: uliza kwanza waya wake unaishia wapi

Nimeingizwa mjini, na mimi ni mtoto wa mjini. PABX ya ofisini kwetu, yaani mtambo unaogawa simu za ndani, ni Panasonic KX-TES824, na dada wa mapokezi alichoka kuunganisha simu kwa kubahatisha nani yuko huru. Nikaenda Kariakoo, nikachukua mtumba wa KX-DT390, kibao cha vitufe 60 vyenye taa za kuonyesha nani yuko kwenye simu. "Kinaingia tu, dada," akasema muuzaji. Kwenye tundu kiliingia kweli, ila taa haikuwaka hata moja. DT390 ni ya PABX za kidijitali. TES824 ni analogi, na kibao chake ni KX-T7740.

Kwa hiyo leo sisemi habari za kioo wala rangi. Nauliza swali moja: nani anaiambia taa ya kitufe iwake?

Kwa Panasonic hizi za zamani, anayeiambia ni PABX yenyewe. T7740 inakula tundu lake la ekstensheni (simu ya ndani), na TES824 iliyojazwa kadi zote ina ekstensheni 24 tu. Simu iliyo pembeni nayo lazima iwe ya Panasonic yenyewe. Kama mtambo mnao tayari, itafuteni hiyo hiyo. Kuanza upya na mtambo huu, hapana. Kwenye orodha yangu ya tatu, huu ni namba tatu.

Kwenye simu za SIP, zinazopita kwenye mtandao wa kompyuta, kibao huchomekwa kwenye simu, na simu ndiyo inayoomba habari kwenye PABX: "nijulishe hali ya ekstensheni 112". Mafundi wanaita BLF. Kila kitufe ni ombi lake, vitufe arobaini maombi arobaini, isipokuwa simu na PABX zote zinajua kuomba kwa orodha moja. Hapa ndipo watu wanapolia. Umeme ukikatika, PABX ikiwaka upya huenda imesahau maombi yote, na simu iliyokuwa kwenye UPS (betri ya akiba) haina habari. Taa zinadanganya mpaka muda wa kuomba tena ufike. Mwambie fundi aufupishe muda huo, na mzime PABX mbele yake kabla hamjamlipa.

Namba moja kwangu ni Yealink T46U na kibao EXP43, na sioni aibu kuipendelea. Kibao kinachomekwa kwa USB, kina vitufe 20 vya kurasa tatu, yaani majina 60, na vibao vinaungika mpaka vitatu. Majina yanaonekana kwenye kioo, hakuna kubandika karatasi. Angalizo: EXP43 ni ya T43U, T46U na T48U. EXP50 inafanana nayo sana lakini ni ya kina T53 na T54W. Muuzaji atakuambia ni kitu kimoja.

Namba mbili, Grandstream GRP2615 na GBX20: majina 40 kwa kibao, vibao mpaka vinne. Ni nzuri, hasa kama PABX yenu ni Grandstream pia.

Bei rahisi? Programu ya opareta kwenye kompyuta. Kompyuta ikiganda, mapokezi yameganda.

Kinachoniuma zaidi ni risiti: "Mali ikishauzwa hairudishwi." Nilirudi kesho yake asubuhi, kibao nimekirudisha kwenye nailoni yake, nikaambiwa kosa ni la PABX yangu. Mwenye KX-TDE, PABX ya kidijitali ya Panasonic, anitafute, DT390 ipo kabatini. Nauza kwa hasara, na mali ikishauzwa hairudishwi.