Alezaji ya Kadutu: fundi aliyeirudishia nguvu Honda CG 125 ya baba

Wenye Honda za zamani hapa Bukavu, najua mnavyoambiwa kila mnaposimama penye motari (waendesha pikipiki) wengi: "Uza hivyo vyuma, nunua mpya ya Kichina." Kabla hujauza, chukua silinda yako uipeleke kwa papa wa alezaji, yaani wa kutoboa silinda upya, pale chini ya soko la Kadutu. Karakana yenyewe haina bango. Ni kibanda cha mabati, nje zimelala kulase (vichwa vya injini) za malori ya Fuso zinazosubiri wenyewe, ndani mna mashine ya kuchongea vyuma ambayo rangi yake ya kijani imebaki kwenye pembe tu. Nimeona kazi za mafundi kadhaa wa silinda hapa mjini na sijaona anayemfikia huyu. Yapo pia anayoyafanya vibaya, nayo nitayaandika.

Pikipiki ni CG 125 ya marehemu baba, aliyokuwa akienda nayo Walungu na Kaziba kukagua shule. Honda waliitengeneza CG katikati ya miaka ya 1970 kwa ajili ya nchi kama yetu, ambako pikipiki inabeba mtu na mzigo wake na haioni fundi mpaka izimike barabarani. Ndiyo maana abrakame yake, mhimili unaofungua supapu (vali), iko chini, inazungushwa na meno, na supapu zinasukumwa na vijiti viwili virefu. Hakuna mnyororo wa ndani wa kulegea. Wachina wakauiga mpango huohuo, na hiyo ndiyo bahati yetu: pistoni ya milimita 56.5 ya pikipiki iliyozeeka hivi bado inauzwa Kadutu, juu ya meza, kando ya betri na taa za nyuma.

Ya kwangu ilikuwa ikitoa moshi wa bluu, na kupanda mlima wa Buholo ilikuwa taabu: injini inanguruma, gurudumu halifuati. Magonjwa mawili hayo, silinda iliyokwisha na ambreyaji (klachi) inayoteleza. Injini niliifungulia nyumbani, barazani, juu ya meza iliyotandikwa gunia safi. Kazi ya kufungua sitaieleza, CG inafunguka kwa funguo za kawaida na subira.

Sasa karakana. Neno la kwanza la papa yule, kabla hata ya salamu kuisha, lilikuwa: "Mama, pistoni iko wapi?"

Nikamwambia, "Papa, nimekuja kwanza kujua silinda imefikia wapi."

"Basi kaa, tupime."

Kupima hadai kitu. Aliipangusa silinda, akaingiza kipimo chake chenye uso kama wa saa, akapima juu, katikati na chini, kila mahali mara mbili: upande wa pini ya pistoni, kisha upande unaoukata ule. Kila namba aliiandika kwa chaki kwenye mapezi ya silinda. Juu, pale segma (ringi ya pistoni) ya kwanza inapogeukia, ilisoma 56.68. Chini kabisa, ambako segma hazifiki, bado ilikuwa 56.51. Akanishika kidole akakipitisha ndani ili nisikie ngazi iliyochimbika pale juu. Akaeleza kwamba saizi ya kwanza ya pistoni iliyoongezwa unene, ya 0.25, ingefika 56.75 tu, na kwa kuwa kulikuwa na mikwaruzo mirefu upande wa ekzosi, kisu kingepita bila kuifuta yote. "Nenda ukatafute ya 0.50. Ukileta ndipo nitatoboa."

Hapa ndipo ninapomsifu kwa moyo wote. Mafundi wengi wanatoboa kwanza kwa namba ya kitabu, halafu wanakutuma sokoni. Lakini pistoni za sokoni, hata zilizoandikwa 0.50 zote, hazilingani. Nilipima mbili kutoka meza mbili, zikaachana kwa milimita 0.02. Kwa macho hicho si kitu. Kwa injini ya namna hii, nafasi inayotakiwa kati ya pistoni na ukuta wa silinda ni kuanzia 0.01 hadi 0.04, kwa hiyo tofauti ya 0.02 ni nusu ya maisha yake. Ikibana sana, pistoni ikipata joto inakwama ukiwa katikati ya mlima. Ikilegea, inagonga asubuhi kama mtu anayebisha hodi, na moshi unarudi mapema. Papa alipima pistoni yangu chini kwenye sketi yake, upande unaoikata pini, akapata 56.96. Akatoboa hadi 56.99. Nilipofika nyumbani nilipima kwa mikromita ya shemeji yangu, ambaye anafanya kazi na mashine za maji, na namba zilikuwa zilezile za chaki. Juu na chini hakuna tofauti niliyoweza kuipata.

Akamalizia kwa mawe ya kusugulia, na ile michoro ya kukatana, inayoshika mafuta ukutani, ilionekana vizuri nilipoielekeza silinda kwenye mwanga wa mlango. Nililipa dola 15.

Pistoni kamili, pamoja na segma, pini na klipu zake, ilinigharimu dola 14. Kwa bei hiyo nimeridhika nayo. Pini ni ya milimita 15 kama ya zamani na iliingia kwa kidole gumba, bila nyundo. Segma nilizijaribu moja moja ndani ya silinda mpya, nikizisukuma kwa kichwa cha pistoni zikae sawa, halafu nikapima pengo: ya kwanza 0.25, ya pili 0.30. Mpaka 0.35 ni sawa. Usiruke hatua hii, kwa sababu segma yenye pengo dogo ikipata joto ncha zake zinagusana na inavunjika. Wachuuzi watakushawishi uchukue pistoni ya 150 "upate nguvu zaidi". Ile ni ya milimita 62. Ukuta wa silinda ya 125 hauna nyama ya kutoa kiasi hicho, achana nayo.

Jointi (gasketi) za karatasi zilizokuja ndani ya pakiti hiyo sikuzipenda. Ya chini ya silinda ilikuwa nyembamba mno na imekatwa vibaya kwenye tundu la mafuta. Nilikata nyingine mwenyewe.

Ambreyaji ndiyo niliyoihangaikia zaidi, na hapo sokoni hapaaminiki. Diski mpya (seti nzima nililipa dola 9) ziko za namna nyingi ndani ya pakiti zinazofanana. Chukua kipimo cha vernia uende nacho. Diski zangu za zamani zilikuwa zimebaki 2.5, mpya nzuri ni karibu 2.9, na muhimu kuliko yote zote ziwe sawa. Seti ya kwanza niliyofunguliwa ilikuwa na moja ya 2.7 katikati ya wenzake, nikairudisha mezani palepale na muuzaji hakununa. Bonyeza pia kwa ukucha pale kitambaa kilipogundishwa kwenye chuma. Kikinyanyuka ukingoni, weka chini. Sahani za chuma za zamani unaweza kuzirudisha kama hazijapinda: zilaze juu ya kioo cha dirisha, jaribu kupitisha chini yake kisu chembamba cha kupimia nafasi. Zangu zilikuwa na madoa ya bluu ya kuungua lakini zimenyooka, nimezirudisha.

Lakini mtu anaweza kubadilisha diski zote na bado gia zikakataa kuingia akisimama Nyawera kwenye msongamano. Angalia kengele ya ambreyaji, lile bakuli lenye vidole ambamo masikio ya diski huteleza. Kwenye vidole vya kengele yangu, kila sikio lilikuwa limejichimbia shimo lake, vijishimo vimepangana kwa mstari kama meno ya msumeno. Ukikamata mkono wa ambreyaji, diski zinapaswa kuachana. Masikio yakishikwa na vijishimo hivyo haziachani, na pikipiki inakuvuta mbele hata ukiwa umebana mkono wote. Nililainisha kila kidole kwa tupa nyembamba, taratibu, nikitoa kiasi kilekile kila upande mpaka sikio linapita bila kukwama. Vijishimo vikiwa na kina kuliko hapo usipige tupa, nunua kengele nyingine, maana vidole vitakuwa vyembamba na diski zitagonga. Resori (springi) nazo zilinganishe zikiwa zimesimama wima pamoja. Zile za sokoni nilizipata fupi kuliko za Honda za miaka yote hiyo! Nikarudisha za zamani, na haijateleza.

Kabla ya kuzipanga, diski mpya zilale usiku kucha ndani ya mafuta ya injini. Na mafuta yenyewe yawe ya pikipiki, kopo lenye herufi JASO MA, kwa sababu ambreyaji hii inaogelea katika mafuta yaleyale ya injini, na mengi ya magari yana dawa ya kupunguza msuguano. Litre moja inatosha. Ukiwa umefungua upande huo, fungua pia kifuniko cha kile kichujio kinachozunguka mwishoni mwa vilibrekani, mhimili mkuu wa injini. Changu kilikuwa kimejaa tope jeusi zito la miaka mingi, na kikijaa hivyo hakishiki tena uchafu unaokula silinda.

Turudi kwa papa na upungufu wake. Silinda alinirudishia ikiwa na unga wa mawe ya kusugulia ndani, ameifuta kwa kitambaa chenye mafuta na kusema imekuwa safi. Haikuwa. Unga ule ukibaki, unaendelea kusugua segma mpaka zimalizike. Petroli haiutoi, inautawanya tu. Nilitumia maji ya moto, sabuni ya kufulia na brashi, nikarudia mpaka kitambaa cheupe kilipopita ndani na kutoka cheupe, kisha nikapaka mafuta papo hapo kabla kutu haijaanza. Fundi mwenye mkono wa namna ile hastahili kumpa mteja silinda chafu, na nilimwambia hivyo kwa heshima. Alinisikiliza.

La pili ni supapu. Anakubali kazi ya kulase, lakini viti vya supapu anavikata vipana mno, nimeona cha jirani yangu kikivuja baada ya muda mfupi. Kwa CG, kama viti havijaungua, saga mwenyewe kwa ule uji wa kusagia, kijiti na mikono miwili, kisha geuza kulase, mimina petroli na uangalie kama inatoka. Zangu zilishika. Nafasi ya supapu zote mbili ni 0.08, injini ikiwa baridi.

La tatu si kosa lake: umeme ukikatika, kazi inasimama. Haanzi kutoboa silinda asiyoweza kuimaliza kwa mpito mmoja, anaogopa kisu kitaacha alama, kwa hiyo mtu anaweza kurudi nyumbani mikono mitupu. Mimi naona ni sababu nzuri ya kumwamini. Risiti hatoi, labda umwandikie mwenyewe asaini.

Honda inatembea sasa. Haina moshi, na Buholo inapanda kwa gia ya pili nikiwa na mtu nyuma. Mwanzoni sikuikimbiza wala sikuibembeleza, nilibadilisha mwendo mara kwa mara na kuiacha ipoe kabisa kati ya safari, nikamwaga mafuta ya kwanza mapema. Bujia (plagi) ilikuwa ikitoka nyeusi, kwa sababu Bukavu iko karibu mita 1,500 juu ya bahari, hewa ni nyepesi na karbirateri iliyopimwa kwa nchi za chini inatia mafuta kupita kiasi. Niliteremsha sindano hatua moja, ikawa rangi ya kahawia.

Ukienda kwake, fika asubuhi, silinda ikiwa imekwisha kuoshwa, usimpelekee injini nzima. Bei mpatane kabla hajawasha mashine. Mimi kilichobaki ni platine za moto, zile ncha za chuma zinazoachana ili cheche iruke, maana CG hii ni ya kabla ya moto wa kielektroniki, na za sokoni ncha zake zinaungua upesi mno. Aliye Uvira au Goma na anajua meza inayouza za zamani za Kijapani, aniandikie hapa chini.