Tathmini ya msimu wa Liverpool wa 2019/20 kwa anayeutazama upya

Nimemaliza kutazama upya marudio ya mechi za Liverpool za msimu wa 2019/20, zote 38 za Ligi Kuu ya Uingereza pamoja na chache za mashindano mengine, na tathmini hii ni kwa ajili ya shabiki anayejiuliza kama inafaa kutumia jioni zake kwa msimu ambao bingwa wake anajulikana na kila mtu. Inafaa. Lakini ajue mapema kwamba atakachokitazama ni bidhaa mbili zilizofungwa katika kifurushi kimoja: mechi 29 zilizochezwa kabla ya korona kusimamisha ligi, na mechi 9 zilizochezwa Juni na Julai mbele ya viti vitupu. Jezi ni zilezile, kocha ni yuleyule, wachezaji ni walewale, ila ladha si moja, na tofauti hiyo haitokani na miguu ya wachezaji kama nilivyodhani mwanzoni. Inatokana na sauti.

Kuhusu sehemu ya kwanza sitasema mengi, kwa kuwa ubora wake haubishaniwi. Liverpool walifungua msimu tarehe 9 Agosti 2019 kwa kuwafunga Norwich 4-1 pale Anfield, uwanja wao wa nyumbani, na katika mechi 27 za kwanza walishinda 26. Ile moja iliyobaki ilikuwa sare ya 1-1 Old Trafford, uwanja wa Manchester United, ambako Adam Lallana alitokea benchi na kusawazisha zikiwa zimesalia dakika chache. Njiani walichukua Super Cup ya Ulaya jijini Istanbul kwa mikwaju ya penalti, na Kombe la Dunia la Klabu mjini Doha kwa bao la Roberto Firmino katika muda wa ziada. Kasoro ya sehemu hii, kama ni kasoro, ni kwamba ushindi ukizidi huondoa wasiwasi, na mtazamaji asiye mfuasi wa Majogoo, yaani Liverpool, anaweza kuanza kusinzia kufikia mechi ya ishirini. Ndiyo maana nashauri asiiruke mechi ya Watford ya tarehe 29 Februari 2020. Liverpool walilala 3-0, Ismaïla Sarr akifunga mawili na Troy Deeney moja, na mwendo wa mechi 44 za ligi bila kupoteza ukakatishwa na timu iliyokuwa ikipigana isishuke daraja.

Jambo ambalo sikulitambua nilipozitazama mechi hizo mara ya kwanza ni jinsi umati wa Anfield unavyoshiriki katika kuusimulia mchezo. Trent Alexander-Arnold anapopokea mpira upande wa kulia na kuinua kichwa, mvumo huanza kupanda majukwaani kabla hajapiga krosi, kwa sababu walioketi juu wameshamwona Sadio Mané akijichomoa nyuma ya mabeki, jambo ambalo kamera bado haijalionyesha. Mtazamaji aliye mbali hupata habari kwa sikio kabla ya jicho. Katika mechi ya Bournemouth ya tarehe 7 Machi, ambayo Liverpool walishinda 2-1 na kufikisha ushindi wa 22 mfululizo wa nyumbani katika ligi, nilifumba macho kwa dakika kumi kama jaribio, na niliweza kujua, bila kukosea sana, nani anashambulia na nani amepoteza mpira. James Milner alipouokoa mpira uliokuwa ukielekea wavuni, kishindo kilikaribia kile cha bao.

Tarehe 11 Machi, siku ileile Shirika la Afya Duniani lilipotangaza kwamba korona imekuwa janga la dunia, zaidi ya watu 52,000 walijaa Anfield kwa mechi ya Ligi ya Mabingwa dhidi ya Atlético Madrid. Mechi hiyo nitairudia. Kesho yake ikathibitika kwamba kocha wa Arsenal, Mikel Arteta, ameambukizwa, na tarehe 13 Machi ligi ikasimamishwa. Liverpool walikuwa na pointi 82, wakiongoza kwa tofauti ya pointi 25, na walihitaji kushinda mechi mbili tu ili kukata kiu ya miaka 30 bila ubingwa wa ligi.

Katika kumbukumbu za mechi, miezi mitatu iliyofuata haipo: unamaliza mechi ya Machi, unabonyeza inayofuata, na tayari uko Juni. Asiyelijaza pengo hilo mwenyewe hataelewa kwa nini wachezaji wanaonekana kama watu waliookoka ajali. Katika kipindi hicho ligi ya Ufaransa ilifungwa na PSG wakapewa ubingwa, ile ya Uholanzi ikakatishwa bila bingwa ilhali Ajax na AZ walikuwa sawa kwa pointi, na wapo waliotaka msimu wa Uingereza nao ufutwe kana kwamba haukuwahi kuchezwa. Klabu yenyewe ilijipaka matope mwezi Aprili ilipotangaza kuwaingiza baadhi ya wafanyakazi wasio wachezaji katika mpango wa serikali wa kuchangia mishahara. Siku mbili baadaye, baada ya mashabiki na wachezaji wa zamani kuja juu, ikaomba radhi na kuufuta uamuzi huo.

Ligi ilirejea tarehe 17 Juni, na mechi ya kwanza ya Liverpool ilikuwa suluhu ya 0-0 na Everton, siku nne baadaye, katika uwanja wa Goodison Park. Kwa mtazamaji, hii ndiyo mechi mbovu kuliko zote 38. Watani wawili wa jiji moja, ambao kwa kawaida hukabana koo tangu dakika ya kwanza, walicheza kana kwamba wako mazoezini, na sidhani kwamba tatizo lilikuwa pumzi peke yake. Kanuni mpya nazo zilibadilisha umbo la mchezo: timu iliruhusiwa kubadilisha wachezaji watano badala ya watatu, na katikati ya kila kipindi mwamuzi alisimamisha mchezo ili wachezaji wanywe maji. Mapumziko hayo ya maji yanaudhi zaidi katika marudio kuliko yalivyoudhi siku ile. Timu inapokuwa imeshaanza kumbana mpinzani, filimbi inalia, makocha wanatoa somo, na joto lote linarudi sifuri; dakika 90 zinageuka kuwa vipande vinne visivyoshikana.

Sasa nifike kwenye sauti, ambayo ndiyo sababu ya kuandika haya yote. Mechi hizo 9 zinapatikana kwa namna mbili: zikiwa na sauti bandia ya mashabiki, iliyochotwa kwenye hazina ya mchezo wa video wa kandanda na kuchanganywa na fundi aliyekuwa akiufuatilia mchezo, au zikiwa na sauti halisi ya uwanja mtupu. Niliitumia sauti bandia katika mechi mbili kamili, kwa nia njema. Dakika chache za mwanzo inaliwaza, maana sikio limezoea kelele na linaipokea bila kuuliza. Kisha kasoro yake inajitokeza, na ukishaiona huwezi tena kuacha kuiona: inachelewa. Fundi, hata awe hodari namna gani, anasubiri shuti lipigwe ndipo abonyeze mguno, kwa hiyo mguno unakuja wakati kipa ameshaushika mpira. Umati wa kweli hutangulia tukio. Huu wa kutengenezwa unalifuata kama mwangwi. Isitoshe, hauna pembe. Katika uwanja uliojaa, mashabiki wageni huimba kutoka kona moja na wenyeji huwazomea kutoka upande wa pili, na masikio yako yanakupa ramani ya mahali. Sauti bandia inatoka kila upande kwa kiwango kilekile, kama mvua juu ya bati.

Chagua sauti halisi. Inatisha mwanzoni, lakini ina mambo ambayo hayakuwahi kuuzwa kabla ya miezi ile. Mechi ya kuonjea ni ile ya Crystal Palace ya tarehe 24 Juni, iliyochezwa Anfield na kumalizika 4-0. Unasikia kipa Alisson akiwapanga mabeki, unasikia nahodha Jordan Henderson akidai mpira upelekwe mbele kwa mbele bila kunyamaza hata wakati mchezo umelala, na unagundua kwamba kile tulichokiita maelewano ya kimya kati ya wachezaji hawa kilikuwa mazungumzo yasiyokoma, ila yalikuwa yakimezwa na kelele. Bao la Fabinho la kipindi cha pili, alilolipiga kutoka mbali, linatoa mlio mkavu wa mguu kukutana na mpira, kisha sekunde ya ukimya, kisha nyavu. Nimelirudia mara nne. Mabao mengine, ya Alexander-Arnold kwa mpira wa adhabu, Mohamed Salah na Mané, ni mazuri kwa macho; hilo moja ni zuri kwa masikio.

Siku iliyofuata ubingwa ulipatikana bila Liverpool kugusa mpira, Chelsea walipowafunga Manchester City 2-1, zikiwa zimesalia mechi saba. Hapa kifurushi kinamwangusha mnunuzi: kilele cha msimu kiko kwenye mechi ya timu nyingine, katika uwanja wa London, huku mabingwa wakiwa hotelini wakitazama runinga kama wewe. Anayetaka hisia za usiku huo atafute mahojiano ya kocha wa Liverpool, Jürgen Klopp, ambaye machozi yalimzidi akashindwa kuendelea.

Baada ya hapo mwendo unashuka. City waliwapangia mabingwa gwaride la heshima tarehe 2 Julai na kisha wakawakung'uta 4-0. Burnley walitoa sare ya 1-1 Anfield, kipa Nick Pope akipangua mashuti moja baada ya jingine, na hivyo Liverpool wakakosa kushinda mechi zote za nyumbani kwa mchezo mmoja tu. Arsenal wakawafunga 2-1 kwa makosa ya beki Virgil van Dijk na Alisson, watu wawili ambao hadi wakati huo ungewakabidhi hata funguo za nyumba. Kati ya pointi 27 zilizobaki walivuna 17, wakamaliza na 99, moja pungufu ya rekodi ya City ya 2017/18. Sauti halisi inaeleza sehemu ya anguko hilo kuliko mchambuzi yeyote: pale ambapo Anfield ingenguruma kumwamsha mchezaji aliyelegea, kuna sauti moja tu ya kocha, na baadaye hata hiyo inachoka.

Mechi ya Chelsea ya tarehe 22 Julai, iliyoisha 5-3, inafaa kutazamwa hadi dakika ya mwisho na hata baada ya hapo, kwa kuwa kombe lilikabidhiwa kwenye jukwaa lililojengwa katikati ya Kop, upande maarufu wa mashabiki wa Anfield, gwiji wa klabu Kenny Dalglish akiwa miongoni mwa waliokuwapo. Viti vilikuwa vimefunikwa kwa mabango ya mashabiki wenyewe. Fataki zinalipuka, Henderson anarukaruka na kulinyanyua kombe, na kila kamera inapovuta nyuma unaona mabango na viti vitupu visivyo na mtu wa kuvipigia makofi. Umati wa Anfield ulisubiri hadi tarehe 27 Aprili 2025, Tottenham walipofungwa 5-1, ndipo ukaona ubingwa wa ligi ukikamilishwa mbele ya macho yake.

Ile ya Atlético iwekwe mwisho kabisa, ingawa kwa kalenda ni ya Machi, ingawa Liverpool walipoteza 3-2 na kutolewa, na ingawa baadaye yalizuka maswali mazito juu ya kuruhusiwa kwake, hasa kwa kuwa mashabiki wapatao 3,000 walisafiri kutoka Hispania. Firmino anafunga la pili dakika ya 94, katika muda wa ziada, na mitambo ya kurekodi inashindwa kuibeba sauti, inakwaruza. Dakika tatu baadaye kipa wa Liverpool, Adrián, anapiga mpira vibaya, Marcos Llorente wa Atlético anafunga, na watu elfu hamsini wananyamaza kwa mpigo mmoja huku kona moja tu ya wageni ikiimba. Ongeza sauti hapo. Baada ya mechi tisa za viti vitupu utasikia kwamba ukimya ule una watu ndani yake.