Fremu za kanvasi za fundi seremala wa Kihesa, baada ya mwaka mmoja wa kuzitumia

Mimi ni mwanafunzi wa uchoraji wa mwaka wa tatu, nasoma Dar es Salaam, na kila likizo ndefu hurudi nyumbani Iringa, ambako shangazi amenipa chumba cha uani kilichokuwa ghala la mahindi ili nichoree humo. Tathmini hii inahusu fremu za kuwambia kanvasi ninazotengenezewa na fundi seremala mmoja wa Kihesa, ambaye kazi yake hasa ni vitanda, milango na makochi, na ambaye kabla yangu hakuwahi kupokea oda ya mchoraji. Tangu Julai ya mwaka jana amenitengenezea fremu 23. Nne zimeharibika, na nitaeleza kwa nini.

Kilichonipeleka kwake ni bei. Kanvasi iliyokwisha kuwambwa kiwandani, ya sentimita 60 kwa 80, niliinunua Dar es Salaam kwa shilingi 48,000, kisha nikailipia nafasi kwenye basi kwa safari ya kilomita zipatazo 500, ikafika ikiwa na tundu la ukubwa wa kidole gumba. Fundi hutoza shilingi 13,000 kwa fremu ya kipimo hicho hicho, na mimi hutumia kama 9,000 nyingine kwa kitambaa, gundi na rangi nyeupe ya kutangulizia. Tofauti hiyo imenibadilishia namna ya kufanya kazi kuliko ilivyobadilisha mfuko wangu. Kanvasi ya shilingi 48,000 nilikuwa naiogopa: nilichora kila kitu kwanza kwenye karatasi, nikanakili mstari kwa mstari, na sikuthubutu kukwangua sehemu yoyote iliyokwisha kukauka. Sasa naweza kuanza picha tatu kwa pamoja, nyingine nikaigeuza ielekee ukutani kwa wiki mbili bila kuitazama, na ikinishinda navua kitambaa na kubaki na fremu yangu nzima.

Fremu za mwanzo, hata hivyo, zilikuwa na kasoro iliyotokana na mimi mwenyewe kutojua kueleza. Nilimwambia nataka mbao nne zenye pembe mraba, naye akanitengenezea mbao nne zenye pembe mraba, bapa kabisa kwa mbele. Fremu ya kuwambia inapaswa kuinamishwa kuelekea ndani, yaani ukingo wa nje uinuke na ule wa ndani ushuke, ili kitambaa kiguse mbao kwenye mzingo wa nje peke yake. Ikiwa bapa, kila unapopitisha brashi kitambaa hulalia ukingo wa ndani wa mbao, na baada ya siku chache mstari hujichora wenyewe kuzunguka picha nzima, kama alama ya mkanda kwenye kiuno. Picha yangu ya kwanza ya soko ina mstari huo hadi leo. Nilimpelekea fundi ile kanvasi ya Dar es Salaam iliyotobolewa, akaivua kitambaa, akapitisha kidole ukingoni mara mbili, akasema, "Kumbe unataka iwe na mgongo, mwanangu. Ungesema tu." Alichukua randa na kuilaza kingo ya mbao mbele yangu kwa muda usiozidi dakika kumi, na tangu siku hiyo sijapata fremu bapa kutoka kwake.

Katika kuunganisha pembe, sina la kumkosoa. Hukata ncha za mbao nusu kwa nusu zilaliane, hutia gundi, kisha kabla ya kupigilia misumari hupima kwa futi kamba kutoka pembe moja hadi pembe ya mkabala, halafu hupima ile njia nyingine. Vipimo viwili vikilingana, fremu imenyooka. Vikitofautiana hata nusu sentimita, huisukuma kwa goti na kupima upya. Kanvasi ile ya kiwandani haikupita kipimo hicho, jambo ambalo lilimfurahisha kuliko ilivyostahili. Wanachomzidi watu wa kiwandani ni kabari ndogo za pembeni, ambazo ukizigonga kidogo fremu hutanuka na kitambaa kilicholegea hukaza. Fremu za fundi zimefungwa moja kwa moja, kwa hiyo kitambaa kikilegea wakati wa masika huna budi kung'oa pini za upande mmoja na kuwamba upya.

Tatizo kubwa ni mbao. Anatumia paini inayoletwa na malori kutoka Mafinga, kwenye eneo la msitu wa kupandwa wa Sao Hill, na mara nyingi mbao hizo hufika mjini zikiwa bado mbichi kiasi kwamba ukizishika unasikia ubaridi wa maji. Mbao ya kitanda ikijipinda kidogo, uzito wa godoro na watu huificha. Fremu ya picha haina pa kujificha, kwani pembe moja ikiinuka sentimita mbili picha huonekana inataka kutoka ukutani. Fremu nne nilizotaja ziliharibika hivyo, na tatu kati yake nilichangia mwenyewe kwa kuziegemeza chini ya dirisha. Vitabu vingi vya uchoraji vinavyotoka Ulaya humshauri mchoraji atafute dirisha la kaskazini, kwa sababu huko jua halipiti upande huo na mwanga hubaki tulivu. Niliufuata ushauri huo kama ulivyo. Iringa iko kusini mwa ikweta, na mwezi wa Juni na Julai jua la mchana huwa kaskazini yetu, kwa hiyo dirisha langu tulivu lilikuwa linamwaga jua kali juu ya mbao mbichi kuanzia asubuhi, upande mmoja ukakauka na kujikunja huku mwingine ukiwa na maji yake. Sasa nafanyia kazi upande wa dirisha la kusini katika miezi hiyo ya baridi, na kwenye dirisha la kaskazini nimetundika khanga ya shangazi.

Kitambaa sishauri mtu akinunue kwa fundi. Hukiuza kwa nia njema, lakini ni kile cha kufunikia makochi kwa chini, chenye mchanganyiko wa nailoni, ambacho hakivuti gundi wala hakikazi kikikauka. Mimi hununua dril nene au marikani nzito kwenye maduka ya vitambaa jirani na Soko Kuu, na kabla ya kulipa huomba uzi mmoja niuchome kwa kiberiti mlangoni. Uzi wa pamba huwaka, hunuka kama karatasi na kuacha majivu laini. Wenye plastiki husinyaa na kuacha kishanga kigumu cheusi. Wenye maduka wamenizoea, ingawa mmoja aliwahi kuniuliza kama nina nia ya kumchomea duka. Kitambaa kikishawambwa hupakwa gundi nyeupe ya seremala iliyozimuliwa kwa maji kabla ya rangi ya kutangulizia, hasa kwa anayetumia rangi za mafuta, maana mafuta yakigusa pamba tupu huila taratibu hadi ikawa dhaifu.

Kwa mwanafunzi asiyetaka taabu ya kuwamba, fundi huyu hukata pia hardibodi kwa kipimo chochote, na kwa mazoezi naipendelea kuliko kanvasi. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 alitumia mbao za namna hiyo na rangi ya mafuta ya kupakia vitu vya nyumbani na baiskeli, na mtindo mzima unaobeba jina lake ulikua juu ya vifaa vya dukani. Kipande cha sentimita 60 kwa 60 hunigharimu shilingi 4,000.

Faida ambayo sikuitegemea ni uhuru wa kipimo. Kazi ninayoiandaa kwa mwaka wa mwisho inahusu nguzo za udongo za Isimila, zilizochongwa na mvua kwenye korongo lililoko kama kilomita 20 kutoka mjini, barabara ya kwenda Mbeya. Kwa miezi mitatu nilizichora kwenye kanvasi za 60 kwa 80 na kila mara zilionekana kama vichuguu. Nilidhani udhaifu uko kwenye rangi, nikachekecha udongo mwekundu wa uani na kuuchanganya na gundi, nikapata rangi nzuri na vichuguu vizuri zaidi. Siku niliyoagiza fremu ya 50 kwa 160, fundi aliuliza kama ni ya picha au ya mlango wa banda la kuku. Ndiyo fremu ya kwanza ambayo nguzo ilisimama ndani yake, na ilinibidi nipande kwenye kigoda kuchora kichwa chake. Kipimo hicho sijakikuta kwenye duka lolote.

Atakayemwendea ajiandae kusubiri, kwa sababu oda ya makabati ikiingia fremu husogezwa, na "njoo Jumatano" yake haisemi Jumatano ya wiki gani. Aende na fremu ya mfano, alipe nusu, na achague mbao mwenyewe, akiziacha zile zenye kiini cha mti katikati, ambazo hujipinda kuliko zote. Tumekubaliana pia kwamba mbao zangu azinunue mapema na kuzipanga kivulini, vijiti vikiwa katikati ili hewa ipite. Kwa sasa zipo kumi na mbili chini ya kibanda chake, zimeandikwa kwa chaki "PICHA, USIGUSE", na Jumamosi iliyopita nilikuta mbili zimeshakuwa miguu ya stuli.