Meza ya jodari ufukweni Bagamoyo: nyama nzuri, barafu haba

Meza hii haiuzi kibua wala changu, ni jodari tu, mzima au kwa kipande. Kinachostahili kuifuata hadi ufukweni ni kwamba samaki wake ni wa mshipi, huvutwa upesi na kuuawa palepale ndani ya mashua.

Siri ya kumvuta upesi iko kwenye sukari. Ule ukanda mweusi unaopita ndani ya jodari, karibu na uti wa mgongo, ndio msuli wa safari ndefu: una damu tele na huchoma mafuta na sukari kwa oksijeni. Nyama nyingine iliyobaki, ya rangi hafifu zaidi, ni ya kukurupuka. Akinasa ndoana, nyama hiyo huivunja akiba yake ya sukari, yaani glikojeni, bila kungoja oksijeni. Glukosi moja ya akiba hiyo, kwa njia hiyo, hutoa ATP (chembe zinazobeba nishati ya msuli) 3 tu. Kwa oksijeni ingetoa takribani 30. Akiba huisha mara moja, na asidi ya lakti hujaa. Moyo wa samaki unaweza kuitumia lakti hiyo kama chakula, lakini ni mdogo mno kuumaliza mzigo wa mwili mzima.

Jodari wa jarife, yaani wavu wa kunasia, ana shida zaidi. Jodari hupumua kwa kuogelea mdomo wazi. Wavu ukimzuia kwenda mbele, huhangaika hadi akakosa hewa, kisha hulala mfu kwenye maji ya vuguvugu. Samaki aliyehangaika sana hukakamaa mapema kama ubao, na akilegea minofu hufunguka. Tena mwili wa jodari una joto kuliko bahari. Asidi ikikutana na joto hilo, nyama inakuwa kama imeiva kabla ya jiko: imepauka, majimaji, na ina uchachu.

Mwombe muuzaji amkate katikati, kisha tazama nyama inayogusa uti. Pale joto huchelewa kutoka, ndipo kuiva huko huanzia. Kwenye meza hii nyama hiyo ni nyekundu, inang'aa, na ukiibonyeza inarudi. Wavuvi wake humpiga samaki kichwani pigo moja, humchanja nyuma ya pezi la ubavuni avuje damu, na matumbo hutolewa kabla ya kufika nchi kavu. Kazi safi sana.

Barafu ndiyo inayowaangusha. Ni mabonge makubwa yaliyowekwa juu tu, na tumbo la samaki halina kitu. Ilipaswa kupondwa, kilo 1 kwa kila kilo 1 ya samaki, nyingine ijazwe tumboni, ili nyama ishuke chini ya nyuzi 4. Jodari akikaa na joto, bakteria hutengeneza histamini, na hiyo haiondoki kwa kuchemsha wala kukaanga. Nenda na ndoo yako ya barafu iliyopondwa. Na kama kipande kilichopikwa kinawasha ulimi kama pilipili ambayo hukuitia, kiteme.